Mlango wa Kitambaa cha Kijani

3 Novemba

Vumbi la leo limeingia mpaka kwenye sufuria ya mlenda. Mama amelitazama, akala. Mimi nimelitazama, nikaulaani upepo, nikala. Mawingu yanajikusanya kila alasiri upande wa Mtumba, yanakaa kikao, yanafunga kikao, hakuna kinachonyesha. Mimi ni katibu wa akina mama kanisani, vikao vya namna hiyo navijua.

Sostenes amekuja na mchoro. Sostenes ni mdogo wangu, niliyembeba mgongoni miaka ile mama alipokuwa akishinda shambani. Sasa ni mkurugenzi wizarani, na nyuma ya tembe letu la udongo hapa Mkonze amesimamisha jumba ambalo wapita njia wanapunguza mwendo kulitazama. Alipokuwa masomoni Uingereza walimpeleka Jumapili moja kutembelea nyumba ya bwana mmoja wa zamani huko mashambani, nyumba iliyojengwa babu yetu hajazaliwa. Wenzake walirudi na makoti. Yeye amerudi na ile nyumba kichwani, na haijatoka mpaka leo. Nguzo nne mbele. Madirisha marefu yanayosukumwa kwenda juu, kushoto na kulia sawasawa. Dohani nne juu ya paa. Dohani nne, jamani, Dodoma hii! Na ndani hakuna hata mahali pa kuwasha kuni.

Ametandaza mchoro kitandani kwa mama, akaniita.

"Dada, chumba chako hiki hapa. Karibu na jiko. Mlango wako wa kutokea nje, wewe peke yako. Dirisha. Na ngazi yako hii ndogo, ukitaka kwenda juu hugongani na mtu."

Nimekaa na kidole changu juu ya ule mlango wa karatasi. Kwetu mwanamke akiolewa anapewa mlango wake kwenye tembe. Baba alikuwa na wake wawili, na kila mmoja alikuwa na mlango wake, na hata baba alipiga hodi. Mimi mlango wangu ulibaki Kongwa, kwa mume aliyenirudisha kwetu na kumpa mke mwingine mlango huo. Tangu hapo naingilia mlango wa mama, kwa kuinama, mtu mzima na mvi zangu. Nimemuuliza Sostenes mara mbili kama ni wangu kweli. Amesema, "Wa nani mwingine, dada?"

Nimeshindwa kuficha meno.

Shida ni tembe. Limekaa mbele ya zile nguzo, mahali ambapo njia ya magari inatakiwa ipite imenyooka. Mama hajakubali litolewe. "Zungumza naye wewe," Sostenes amesema. "Wewe ndiye anakusikiliza."

9 Novemba

Joto. Hakuna kitu.

14 Novemba

Leo mama ametoa makarai yote nje na kuyapanga ukutani. Ni wakati wake. Kila mwaka kabla ya mvua tunapandisha udongo mpya juu ya tembe, maana ule wa zamani umepasuka kwa jua na umeliwa na upepo. Ukoo wote hupanda, kila mtu na karai lake. Asiyepanda, watu humuuliza anaishi wapi. Hata Sostenes alikuwa akirudi likizo anapanda, na alikuwa mvivu, anajaza karai nusu.

"Mama," nikamwambia, "mwaka huu hatupandishi."

"Nani amesema?"

"Sostenes."

"Sostenes analala humu?"

"Mama, tunahama. Kule kuna paa la kisasa, halitaki udongo. Utapata chumba cha mbele, chenye kiti na zulia."

"Zulia nitalifanyia nini?"

Nikaona maneno yanaisha, nikamwambia lililokuwa moyoni. Nikamwambia nimepewa mlango. Akaacha kupanga makarai.

"Wewe? Umepewa mlango?"

"Nimepewa. Na ngazi juu yake."

Amenitazama kwa muda mrefu, macho yake haya yaliyoanza ukungu. Kisha amechukua karai moja, akalifunika juu ya jingine, na la tatu juu ya hilo. "Haya," akasema. "Kama umepewa mlango, tuhame."

22 Novemba

Nimekwenda kutazama kazi. Fundi mkuu ni Hasani, mtu wa Kondoa, mpole, anayeimba kaswida chini kwa chini akiwa juu ya jukwaa. Alikuwa anachora mistari kwenye plasta mbichi kwa msumari na rula.

"Mistari ya nini hiyo, Hasani?"

"Ionekane mawe, dada Elieth. Mheshimiwa anataka ukuta uonekane wa mawe yaliyokatwa."

Nikageuka nikatazama mlima. Dodoma nzima ni mawe, ukichimba choo unakutana na mawe, na mdogo wangu analipa mtu achore mawe kwa msumari! Nimecheka mpaka Hasani naye kacheka, kisha kaangalia huku na huku kama kuna anayesikia.

Ngazi kubwa ya ukumbini imenitisha kidogo. Ni pana, inaweza kupita ng'ombe wawili pamoja. Inapanda, inagawanyika, inarudi kukutana huko juu. Ngazi yangu bado haina sakafu. Nimeiona, nyembamba, giza. Nimesema moyoni, yangu bado haijamaliziwa.

2 Desemba

Mvua. Imekuja alasiri, kwanza harufu, halafu mabati ya jirani, halafu sisi. Tembe lisilo na udongo mpya lilikunywa dakika chache tu, likashiba, likaanza kututapikia. Imevuja juu ya kitanda cha mama, juu ya kihenge cha uwele, juu ya picha ya baba. Nimeweka beseni, sufuria, ndoo, mwishowe vikombe. Mama alikaa katikati kwenye kigoda, mwavuli mkononi, ndani ya nyumba yake mwenyewe. Afadhali angenitukana.

Sostenes amepiga simu. "Si mnaona? Nyumba ya udongo hiyo. Mhamie kesho."

Udongo ulikatazwa na nani?

6 Desemba

Kijiko, lile tingatinga la kubomolea, kimekuja asubuhi. Kilifanya kazi fupi, fupi kuliko kunywa chai. Boriti za juu, nyeusi kwa moshi, zinazong'aa kama zimepakwa mafuta, zilitoka nzima nzima, na mafundi wamezigombania. Udongo umesukumwa pembeni. Gladness, mke wa Sostenes, amesema utafaa kwa bustani ya maua.

Mama alikuwa amewekewa kiti katikati ya nguzo, blanketi magotini, mahali watu wote wanamwona. Alitazama mpaka mwisho. Mlango wake ulipoanguka, aliinamisha kichwa kidogo, kama anavyoinama akipita chini yake.

7 Desemba

Chumba changu hakina dirisha.

Jana, usiku wangu wa kwanza humu, nililala kwa uchovu, taa ya umeme, sikuangalia. Leo nimeamka na giza nikadhani ni mapema. Nimepapasa ukuta wote. Nimetoka nje, dirisha lipo, tena zuri, vioo vinane, limekaa sawa na wenzake. Nimerudi ndani, halipo. Nimetoka tena, nimeligusa. Ni saruji. Wameipaka rangi nyeusi, wakachora fremu nyeupe.

Nimemwita Hasani. Amekuja akifuta mikono hata pasipokuwa na uchafu.

"Dada Elieth, nilidhani umeambiwa."

"Niambiwe nini? Kwamba nimechorewa dirisha?"

"Kuta za pembeni lazima zifanane. Kushoto yapo matano, kulia lazima yawe matano. Lakini kwa ndani mhandisi alisema upande huu lisitobolewe, maana lingetazama bustani."

"Na mimi nikiitazama bustani nitaila?"

Akatazama mwiko wake. "Alisema kwenye nyumba zile upande wa watumishi hautazami bustani."

"Watumishi gani, Hasani?"

Akasema saruji yake inakauka, akaenda.

Nimekaa kitandani na mlango wa nje wazi ili nipate mwanga wa kuandikia. Mlango ninao. Huo ni wa kweli, nimeufungua na kuufunga mara nyingi sana leo.

12 Desemba

Fundi umeme, Meshack, amefunga ubao ukutani nje ya chumba changu. Una taa ndogo nyekundu, na chini ya kila taa maneno: Sebule Kubwa, Maktaba, Chumba cha Chakula, Chumba cha Mama. Mtu akibonyeza kule, huku inalia na taa inawaka. Maktaba ina kabati tupu.

Nikamuuliza Meshack, "Na mimi nikitaka kuwaita wao nabonyeza wapi?"

Kadhani natania.

19 Desemba

Ugali unafika umepoa. Jiko wameliweka huku nyuma, chumba cha chakula kiko kule mbele, katikati kuna kona mbili na ngazi tatu. Sostenes anasema Waingereza walifanya hivyo makusudi, harufu ya jikoni isiwafikie wageni. Ni sawa kwa watu wanaokula viazi. Ugali wa uwele ukipoa unaweza kumpigia mwizi.

Gladness ameniomba nisipike mlenda siku ambazo kuna watu. Kaniomba kwa sauti ya chini, akijishikashika pete. Mwanamke huyu simpendi. Nasema wazi, hii ni shajara yangu. Haya yote ni yeye. Mdogo wangu hakuwa hivi.

25 Desemba

Krismasi. Wao walikula mbele na mama. Mimi nilisema nina kazi jikoni, nikangoja mtu aje aniambie acha kazi. Mvua kubwa.

10 Januari

Mvua inanyesha kila siku, mtama wa majirani umefika kiunoni. Mama ana mahali pake sasa, kiti kirefu karibu na dirisha la mbele. Wageni wakija Sostenes anawaleta, "Huyu ndiye mama yangu mzazi," wanampa shikamoo, anawajibu marahaba, wanakwenda kutazama ngazi. Miguu inamsumbua kwa ile sakafu ya marumaru. Huniita kwa jina, "Elieth!" kwa sauti ile ya kuitia mtu aliye ng'ambo ya korongo, na mimi huwa nakimbia. Leo Sostenes kamshika kidole, akamfundisha kubonyeza. "Usipige kelele, mama. Bonyeza tu, atakuja."

Mama akakitazama kidole chake. Hakubonyeza. Baada ya Sostenes kuondoka akaniita, "Elieth!" lakini kwa kunong'ona, na mimi nilisikia kwa sababu tu nilikuwa napita.

17 Januari

Siku ya mlango wa kijani. Sina budi kuiandika yote.

Kati ya upande wa jiko na ukumbi mkubwa palikuwa wazi. Leo wameweka mlango mzito unaojifunga wenyewe, na upande mmoja umepigiliwa kitambaa cha kijani kwa misumari ya shaba. Kitambaa chenyewe ni cha meza ya mchezo wa pool. Sostenes alikitafuta mjini kwa wanaotengeneza hizo meza, akarudi amefurahi kama mtoto aliyepata mpira. Anasema kwenye ile nyumba ya Uingereza mlango ndio huohuo, kijani hichohicho, kazi yake kuzuia sauti na harufu. Ukijifunga, upande wa pili husikii kitu. Akaufungua na kuuachia mbele yangu ili nione. Kweli, haukutoa sauti. Nikamwona kinywa kinasema jambo, halafu nikaona kijani.

Niliusukuma nikaingia ukumbini.

"Sostenes. Mimi ni mtumishi?"

"Dada, nani kasema hivyo?"

"Hasani kasema upande wa watumishi. Dirisha langu linasema. Ule ubao unasema."

Akacheka, cheko la mtu wa ofisini. "Ni jina tu la upande, dada. Ni usanifu. Zile nyumba zilikuwa kama saa. Kila mtu na njia yake, ngazi yake, hakuna kugongana. Watu mia wanaishi humo na husikii hatua. Mimi nilisimama kwenye ule ukumbi nikasema, hapa pana utulivu. Nilitaka tu utulivu ule. Umesahau tulivyolala kwenye tembe? Kondoo huku, moshi huku, bibi anakohoa?"

"Sijasahau. Nilikuwa nimekufunika wewe na kanga yangu."

Akaangalia chini. Nilidhani limemwingia. Kisha akasema, "Lakini si wewe ndiye uliyefurahia mlango? Nilikuonyesha kwenye mchoro, ukauliza mara mbili kama ni wako. Ni wako. Nimekunyang'anya?"

Hapo ndipo aliponimaliza, maana ni kweli. Alinionyesha mlango wa mtumishi, na mimi nikauona mlango wa mwanamke mwenye nyumba, kwa sababu kwetu mlango wa peke yako haujawahi kuwa kitu kingine. Yeye naye ni wa hapahapa, kalelewa humohumo. Alijua nitaona nini. Au hakujua, amesahau kabisa, na sijui lipi baya zaidi.

"Na kama hupapendi," akaongeza kwa upole, kwa upole kabisa, "ungependa tukupeleke wapi, dada?"

Nimerudi jikoni. Nimemenya vitunguu. Nimelia kwa vitunguu na kwa mengine.

29 Januari

Chumba cha Chakula, Sebule Kubwa, Chumba cha Chakula, Maktaba. Nani yuko maktaba? Kumbe alikuwa Sostenes anajaribu kama inalia.

8 Februari

Mvua imekata. Majani ya mahindi yanajikunja. Ule udongo wa tembe waliotandaza bustanini umepasuka, na maua ya Gladness yamekufa yote. Sijasikitika.

16 Februari

Bado hakuna mvua.

Nimekosea kuhusu Gladness. Leo mchana Sostenes akiwa kazini, mlango wa kijani umefunguka, kaingia mke wa mkurugenzi na kanga kiunoni, miguu pekupeku.

"Wifi, umepika mlenda? Nimesikia harufu yake nikiwa ngazini."

"Mlango unapitisha?"

"Nilikuwa nimeuwekea kiatu usijifunge."

Amekula kwenye sufuria, kwa mkono, amesimama. Akanieleza bila mimi kumuuliza. Yeye alitaka nyumba ya vyumba vitatu na uani pa kuanikia nguo. Walipoanza msingi alisema hivyo, Sostenes hakusema naye siku nyingi. Sasa jioni wanakaa wawili kwenye sebule ya watu arobaini, kila mmoja kwenye kiti chake, anatakiwa asiongee kwa sauti. "Nikipiga chafya inarudi kwangu," akasema.

"Na mlenda, ulioniomba nisipike?"

"Nilitumwa, wifi. Nilitumwa."

Kumbe. Miezi yote hii nimekuwa na chuki na mtu ambaye si yeye. Nimeona aibu, na nimeona hasira mpya, maana sasa chuki yote nalazimika kuipeleka kwa yule niliyembeba mgongoni, na mgongo unaukumbuka uzito wake.

5 Machi

Mvua imerudi, nyembamba. Mtama utapona, mahindi basi tena.

Hasani amefunga swaumu na bado anapanda jukwaani kumalizia dohani. Nimemuuliza zitatoa moshi gani. Amesema Mungu ndiye ajuaye. Kazi yake imebaki kidogo, Idi anataka akale kwao Kondoa. Aliniuliza kama kuna kitu nataka anifanyie kabla hajaondoka.

"Nitobolee dirisha."

"Hilo watalisikia, dada."

"Basi nifungie komeo kwenye mlango wa kijani. Upande wangu."

Akafikiri. Kisha akalifunga wakati gari la Sostenes halijarudi, komeo la chuma, akalipaka mafuta lisilie. "Mlango wa mtu huwa na komeo upande wake," akasema. Hakutaka chai kwa sababu ya swaumu, nikamfungia karanga za kufuturia.

18 Machi

Mama kabonyeza.

Nilikuwa nafua. Taa ya Chumba cha Mama ikawaka, kengele ikalia kidogo, kama aliyeigusa amejutia. Nilikwenda. Alikuwa ametazama pembeni.

"Miguu," akasema.

Nikamkanda miguu.

30 Machi

Sasa anabonyeza kila siku. Simlaumu. Namlaumu.

11 Aprili

Nianze na asubuhi, maana nikianza na mwisho sitaandika.

Leo nyumba imebarikiwa. Watu wa wizarani wamekuja, na wakubwa wa Sostenes, magari yamepanga mstari pale tembe lilipokuwa. Mchungaji Stanley alishuka na kanzu yake nyeupe, akamwendea mama kwanza, "Mbukwenyi!" akamsalimia Kigogo, na mama akachangamka kidogo. Kisha wakaanza kupita chumba kwa chumba wakiimba, na kila chumba kinaombewa.

Mimi nilikuwa nimejiandaa. Niliamka, nikasafisha chumba changu, nikatandika shuka langu la kudarizi nililoenda nalo Kongwa na kurudi nalo, Biblia juu ya meza, taa nimewasha. Nilisema, kama mchungaji akiingia na kukiombea, basi ni chumba cha mtu. Hilo tu. Sikutaka zaidi ya hilo, namwomba Mungu anishuhudie.

Nikasikia wimbo unapanda ngazi kubwa, unazunguka huko juu, unashuka. Ukakaribia. Mlango wa kijani ukafunguka, nikaona pindo la kanzu nyeupe. Nikafuta mikono, nikasimama mlangoni kwangu.

"Na huku?" mchungaji akauliza.

"Huku ni upande wa jiko tu, mchungaji," sauti ya Sostenes. "Vyombo vingi, kanzu itachafuka."

"Haya, baraka zitapenya zenyewe," mchungaji akasema, na watu wakacheka vizuri, bila ubaya. Mlango ukajifunga. Hautoi sauti, ndiyo kazi yake. Wimbo ukakatika katikati ya neno.

Nilibaki nimesimama na mikono safi.

Ikalia kengele, Chumba cha Chakula. Nikapeleka pilau. Meza ndefu, watu wamekaa huku na huku, mama kwenye kichwa cha meza amevishwa gauni la kitenge na mkufu. Bosi wa Sostenes, mama mmoja mwenye kilemba cha bluu, alionja, akanitazama kwa kunisifu.

"Huyu mama mmempata wapi? Mimi kila ninayempata anakaa mwezi mmoja anakimbia."

Nilikuwa nimeshika sinia, nimesimama nyuma ya kiti cha mdogo wangu, naona kisogo chake, kile kile, chenye kovu la kuungua kwa uji. Nikamngoja. Nilimpa muda wa kutosha.

"Huyu tuko naye siku nyingi," Sostenes akasema.

Hakudanganya hata neno moja. Watu wakacheka. Gladness akanyanyuka, akatoka bila kuaga. Mimi nikamtazama mama. Masikio ya mama hayana ukungu. Alisikia, najua alisikia, kwa sababu mkono wake ulisimama. Kisha akaendelea kuchambua nyama kwenye mfupa, taratibu, macho kwenye sahani.

Nikaweka sinia mezani bila kumwaga. "Karibuni chakula," nikasema, kwa kuwa ndilo lililotoka.

12 Aprili

Sikwenda kanisani. Waliporudi nilikuwa nimeshasukuma komeo la Hasani. Liliingia kama siagi.

Mchana kengele imeanza. Chumba cha Chakula. Nikakaa kitandani nikaitazama taa kupitia mlango wa chumba changu. Sebule Kubwa. Chumba cha Chakula. Mtu akausukuma mlango wa kijani kutoka kule, ukatikisika kidogo, ukakataa. Kama aliita, sikusikia, na kitambaa hicho kilinunuliwa na wao. Kisha Chumba cha Mama, mara nyingi, fupi fupi. Hiyo ilinikata. Nilikaa juu ya mikono yangu nisiende. Mwishowe ikanyamaza.

Mvua ya manyunyu ilianza, labda ya mwisho mwaka huu. Nilikuwa naisikiliza niliposikia fimbo nje, kwenye changarawe, inakuja polepole, inasimama, inakuja. Amezunguka nyumba nzima, na miguu ile.

"Hodi," mama akasema.

Katika maisha yangu yote mama hajawahi kunipigia hodi. Nyumba zote tulizolala zilikuwa zake.

"Hodi humu."

"Karibu," nikasema. Sikunyanyuka.

Akaingia akiinama, ingawa mlango huu ni mrefu hata mwanamume hagusi. Gauni lilikuwa limelowa, matope mpaka magotini. Akakaa kitandani pembeni yangu, akahema mpaka akatulia.

"Umefunga kule."

"Nimefunga."

"Umekasirika."

"Mama, jana ulimsikia yule mama."

"Nilisikia."

"Ukanyamaza."

Akapangusa tope kwenye fimbo kwa kiganja. "Nilimwogopa," akasema.

"Yule mama?"

"Sostenes. Nilisema moyoni, nikimwaibisha mbele ya wakubwa wake, atanipeleka wapi? Tembe halipo."

Nilitaka kumchukia, na nilikuwa nimejiandaa kwa hilo tangu jana. Lakini makarai yale nani aliyemwambia ayafunike? Yeye akainua uso, akatazama ukuta, kitanda, taa, ukuta.

"Nilihama kwa ajili ya mlango wako," akasema. "Ndio huu?"

"Ndio huu."

"Na dirisha? Nimeliona nje nikipita."

"La kuchora, mama."

Akalifikiria hilo. Kisha akaanza kucheka, cheko dogo kavu, likageuka kikohozi, na mimi nikampigapiga mgongoni, na nilikuwa nalia. Tulikaa hivyo, mvua nje, mlango wazi, ndio mwanga tulio nao.

Hapo ikalia. Sebule Kubwa, taa nyekundu. Ni Sostenes, anatafuta yeyote.

Mama akachomeka fimbo sakafuni, akaegemea, akaanza kunyanyuka.

"Twende," akasema. "Anaita."

Nikamshika gauni. "Kaa, mama. Hapa ni kwangu."

Ikalia tena. Mama akakaa, lakini fimbo hakuiachia.